Prune du Japon: tunda ambalo si prune na halikutoka Japani

Wandugu, kuna neno moja la Kiingereza ambalo nimelikuta mara nyingi kwenye makala za utafiti: tamarillo. Niliuliza wenzangu wachache tuliomaliza nao lisansi ya agronomia. Mmoja alisema ni antibiotiki. Mwingine alisema ni mchezaji wa Ajentina. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ni ile prune du Japon anayokunywa jus yake kila wiki.

Ndiyo, ni ileile. Lile tunda lenye umbo la yai, ngozi nyekundu nzito au ya rangi ya machungwa, chungu sana ukiuma pamoja na ganda, lakini ndani tamu na kali kwa pamoja. Bamama wanalipanga mafungu-mafungu sokoni Butembo, na linashuka mpaka Beni, soko la Kilokwa, juu ya gari na juu ya moto. Beni yenyewe iko chini, zaidi kidogo ya mita 1,000, ni inchi ya kakao na mafuta ya ngazi. Mti huu karibu na ikweta unapenda baridi ya mlima, kuanzia mita 1,500 hivi na kupanda. Kwa hiyo mtu wa Beni anajua tunda, mtu wa Lubero anajua mti. Jina wako nalo moja: prune du Japon. Siku nyingine tunasema tu prune, na imeisha.

Leo nataka tuongee juu ya hilo jina, na juu ya neno tamarillo. Msifikiri ni mambo ya kamusi tu. Jina la mmea linaweza kumuharibia mkulima shamba, na nitaeleza namna gani.

Tuanze na kisu. Chukua prune yako, ikate katikati kwa upana. Utaona vyumba viwili, na ndani yake mbegu nyingi ndogo bapa ndani ya maji mazito mekundu karibu na nyeusi. Sasa kumbuka prune ya kweli, ile ya Ulaya ambayo wengi wetu tumeiona kwenye vitabu tu: ndani iko na kokwa moja ngumu, kama embe. Hayo ni matunda ya aina mbili kabisa. Lenye kokwa moja ngumu, mabotanisti wanaliita drupe. Lenye nyama laini na mbegu zimekaa ndani ya nyama bila kokwa, wanaliita baie kwa Kifaransa, na Waingereza wanasema berry. Prune yetu ni baie. Tomate ni baie. Biringanya ni baie, pilipili ni baie, hata ndizi kwa mabotanisti ni baie.

Waingereza wenyewe wanalitumia neno lao hovyo. Fraise, kwa Kiingereza, jina lake linaishia na berry, na si berry ya botanika hata kidogo. Kahawa wanaiita mara berry mara cherry, na yenyewe ni drupe. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma makala ya Kiingereza asidanganywe na masikio. Neno la mtaani na neno la laboratwari yanafanana sura tu.

Basi, si prune. Je, Japani? Hapana. Mti huu umetoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Miti ya pori iliyo karibu nao zaidi imeonekana kusini mwa Bolivia na kaskazini-magharibi ya Ajentina. Watu wa kule walikuwa wanaupanda zamani. Peru wanaita sachatomate: sacha kwa lugha ya Kikechua ni mti au pori, kwa hiyo ni tomate ya muti. Ekwado na Kolombia wanasema kwa Kihispania kitu kilekile, tomate ya mti. Yaani wenye tunda lao walilipa jina la kweli tangu mwanzo. Walilitazama, wakalionja, wakasema: huyu ni ndugu wa tomate.

Uongo ulianza safarini. Indonesia wanaliita terong belanda, maana yake biringanya ya Waholanzi, ingawa Uholanzi hauoti mti huo mlimani wala bondeni. Sisi tulipewa Kifaransa, tukapewa na Japani. Ukichunguza Kifaransa, utaona Japani inabandikwa kwenye matunda mengi: kuna néflier du Japon, ambayo asili yake ni China. Hata ile prune ya kweli inayoitwa ya Japani, Prunus salicina, ilitoka China kabla ya kufika Japani. Mawazo yangu ni kwamba kwa masikio ya Mzungu wa wakati ule, Japani ilikuwa na maana ya mbali na ya ajabu, basi. Sisi tusicheke sana. Kiswahili kinaita mahindi kama vile yametoka Uhindi, na yametoka Mexico. Tanzania wanasema viazi ulaya kwa pomme de terre, ambayo nayo ni mtoto wa Andes. Mtu anaita kitu kwa jina la yule aliyemletea, au la yule anayefikiri kamletea.

Majirani walifanya namna nyingine. Rwanda wanasema ibinyomoro, jina lao wenyewe. Tanzania mti unaitwa mgogwe. Kenya utasikia matunda damu, kwa sababu ya yale maji mekundu; jina hilo mimi nalipenda, juu linasema kitu ambacho macho yanaona.

Sasa tamarillo. Hili neno si la zamani, na halikutoka Andes, ingawa linasikika kama Kihispania. Lilitengenezwa Nyuzilandi, na tarehe yake inajulikana: 31 Januari 1967. Ni neno lenye siku ya kuzaliwa kama mtu.

Mbegu za tunda hili zilifika Nyuzilandi mwaka 1891 kutoka India, zikiletwa na kampuni ya bustani ya D. Hay na wanawe kule Auckland. Zilikuwa za rangi ya njano na zambarau. Lile jekundu lilikuja kupatikana kule miaka ya 1920, na ndilo lililopendwa na soko. Kwa Kiingereza waliliita tree tomato, tomate ya mti, kama wenyewe wa Andes. Wakati wa vita ya pili ya dunia matunda ya nchi za joto yalikuwa hayafiki vizuri, kwa hiyo watu wakapanda zaidi. Vita ilipoisha, wakulima wakawa na tunda jingi na swali: nani kule ng'ambo atanunua tomate kwa bei ya tunda? Neno tomate lilimpeleka mnunuzi moja kwa moja kwenye saladi na kwenye mchuzi. Ndiyo baraza la wakulima lililokuwa linatangaza tunda hilo likachagua jina jipya.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba waliunganisha tama, neno la Kimaori, na mwisho wa neno la Kihispania amarillo. Wanasema tama ni uongozi. Kwenye kamusi ya Kimaori maana yake ya kawaida ni mtoto wa kiume. Na amarillo ni njano, wakati tunda walilotaka kuuza ni jekundu! Ukiliweka neno hilo mbele ya professeur wa lugha atashika kichwa. Lakini halikutengenezwa kwa ajili ya professeur. Lilitengenezwa kwa ajili ya mama anayesukuma kigari ndani ya duka kubwa.

Na walikuwa na mfano mbele yao. Mwaka 1904 mwalimu mkuu mmoja wa shule ya wasichana, Isabel Fraser, alirudi Nyuzilandi kutoka China na mbegu za tunda moja lenye manyoya. Likaota, likazaa, wakaliita kwa Kiingereza gooseberry ya China. Mwaka 1959 kampuni ya Turners and Growers ilikuwa inataka kuliuza Marekani. Jina China, katika miaka ile ya vita baridi, halikusaidia biashara. Wakajaribu melonette; likakataliwa juu melon ilikuwa inatozwa ushuru mkubwa pale forodhani, na berry vilevile. Ndipo wakachukua jina la ndege wao, kiwi. Leo dunia nzima inasema kiwi, na China, nchi yenye tunda, ikasahaulika ndani ya midomo ya watu. Kiwi nayo, kwa botanika, ni baie. Yaani forodha iliogopwa kwa neno ambalo lilikuwa la kweli.

Tamarillo haikufika mbali kama kiwi. Utalikuta neno kwenye maduka ya Uingereza, Australia na Marekani, kwenye vitabu vya mapishi, na sasa kwenye makala za utafiti, maana watafiti wamelipenda kwa ufupi wake. Lakini ukivuka pale Kasindi ukaingia Uganda, au ukaendelea mpaka Nairobi, wanaosema Kiingereza kila siku wanaendelea na tree tomato. Kwa hiyo kuna Kiingereza cha wanaouza mbali, na kuna Kiingereza cha wanaopanda. Hili ni jambo la kujua kabla ya kutafuta kitu: ukiandika neno moja tu utapata nusu ya maarifa.

Na ukiandika la kwetu? Jaribu kutafuta kwenye intaneti "prunier du Japon maladies". Utaletewa picha za mti wenye maua meupe, mashauri ya kukata matawi wakati wa theluji, na hesabu ya saa za baridi ambazo mti unahitaji ili uchanue. Hiyo ni Prunus. Ni mti mwingine, familia nyingine, dunia nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetayarisha kazi yake usiku, data zinakaribia kuisha kwenye simu, atachukua hayo na kuyaingiza.

Hapo ndipo nafika kwenye shamba.

Mama mmoja upande wa Musienene alikuwa analima tomate kwenye kipande kimoja, misimu mitatu mfululizo. Tomate zikaanza kulegea na kukauka. Mama huyo hakuwa mjinga. Alijua kwamba udongo ukichoka na zao moja, unabadilisha. Akaondoa tomate, akapanda prune. Mwaka wa pili, kabla hata hajavuna vizuri, miti ikaanza kunyauka. Akaniambia:

"Agronome, mimi nilibadilisha, kama munavyotufundishaka. Nilitosha tomate, nikaweka matunda. Sasa juu ya nini iko inakauka paka vilevile?"

Tukang'oa mti mmoja. Mizizi ilikuwa imejaa mafundo-mafundo, kama shanga zilizoshonwa vibaya. Nématodes. Nikamwomba anionyeshe kama kulibaki shina la tomate la zamani pembeni ya shamba. Lilikuwepo, na mizizi yake ilikuwa na mafundo yaleyale.

Mama huyu hakuwa amebadilisha zao. Alikuwa ameondoa ndugu mdogo na kuweka ndugu mkubwa. Prune du Japon ni ya familia ya Solanaceae: tomate, pomme de terre, biringanya, pilipili, tumbaku, zote nyumba moja. Magonjwa yao wanapeana kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Virusi Y ya pomme de terre imeonekana ndani ya tamarillo, na inabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaokaa chini ya jani. Ekwado na Kolombia, ndugu wa karibu wa ile mildiou inayochoma pomme de terre wanashambulia mti huu. Na sisi Lubero tunapanda nini pembeni ya prune? Pomme de terre, bila shaka. Mlima mzima ni pomme de terre.

Kama tunda hili lingefika kwetu na jina tomate ya muti, yule mama angekuwa na wasiwasi siku ya kwanza. Neno prune lilimwambia: huyu ni mgeni, hana undugu na mtu hapa. Neno la uongo lilifanya kazi ya ugonjwa. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Na kule sokoni niseme nini, nauzisha tomate?" Nikamwambia hapana mama, sokoni sema prune. Akacheka. Kwa sababu yeye pia, bila kusoma habari za Nyuzilandi, alijua kwamba tunda lenye jina la tomate litateremshwa bei.

Nyuzilandi nao hawakuponea kwa jina. Mwaka 2006 kadudu kadogo kutoka Amerika, Bactericera cockerelli, kaligunduliwa kule. Mwaka 2008 wakatambua bakteria ambayo kanabeba. Kalishambulia tomate, pomme de terre, poivron. Na kalienda moja kwa moja kwenye tamarillo. Kwa miaka 40 jina lilikuwa limefichwa vizuri mbele ya wanunuzi, lakini kadudu hakakusoma etiketi. Kalinusa jani. Wakulima wengi wa tamarillo waliacha zao hilo baada ya pale.

Sasa wale mnaoandika mémoire, hili ni lenu. Jina la sayansi pia limebadilika, na maktaba zetu zimejaa jina la zamani. Mhispania Cavanilles aliupa mti jina Solanum betaceum mwaka 1799. Betaceum ni kama kusema wa kufanana na betterave. Mwaka 1845 Mjerumani Sendtner akauhamisha, akauita Cyphomandra betacea, kwa sababu ya nundu iliyoko mgongoni mwa sehemu ya ua inayobeba chavua. Jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye vitabu vingi vya wakati wa Wabelgiji na hata kwenye kazi za wanafunzi za juzi. Mwaka 1995 Lynn Bohs, mtaalamu wa Marekani, akaurudisha ndani ya Solanum, pale Cavanilles alipokuwa ameuweka. Kwa mara moja sayansi ilirudi kusema kile ambacho mtu wa Andes alisema bila darubini: ndugu wa tomate.

Kwa hiyo mtu anayetafuta ajue atafute mara nne: Solanum betaceum, Cyphomandra betacea, tamarillo, na tree tomato. Ya tano, kama anasoma Kihispania kidogo, ni tomate de árbol, na hapo ndipo utajiri wote uko, juu Ekwado na Kolombia ndio wanalima kweli, kwenye milima inayofanana na yetu, kwenye ikweta ileile. Shauri la mkulima wa Ekwado litatusaidia kuliko la bustani ya Ufaransa. Wao wanajua kwamba mizizi yake ni ya juujuu, upepo ukivuma mti unaanguka. Kwamba maji yakisimama siku mbili tatu mti unakufa. Kwamba unazaa kuanzia mwaka mmoja na nusu au miwili na hauishi miaka mingi, kumi na kidogo, kwa hiyo usiutegemee kama avoka ya babu.

Kuna wenzangu wanaosema tuache kabisa jina prune du Japon, ni urithi wa ukoloni, tuchukue tamarillo. Mimi siko nao. Tamarillo si letu wala si la wenye mti. Ni jina la matangazo ya watu wa upande mwingine wa dunia, na mama wa Kilokwa hataliweka mdomoni kwa sababu sisi tumeandika. Wengine wanasema tuseme mgogwe, kama Watanzania. Neno zuri, lakini hapa nalo ni geni. Prune limekwisha kuwa jina la Butembo. Watoto wamezaliwa nalo. Liache sokoni na kwenye glasi.

Shambani ni mambo mengine. Kwenye fishi ninazowaachia wakulima, juu kabisa ninaandika "Prune du Japon", na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za juu: "TOMATE YA MUTI. Usipande mahali palipotoka tomate, pomme de terre, biringanya, pilipili wala tumbaku." Solanum betaceum ninaiweka nyuma ya karatasi, kwa ajili ya agronome atakayepita baada yangu.